Wimbo Ambao Bowie Aliwapa Wenzake

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako ameshalala, na mimi nimekaa hapa mezani na swali lako la juzi kwa simu ambalo sikutaka kulijibu mbiombio.

Ulisema umeukumbuka wimbo niliokuwa nikiupiga kwenye kinanda ulipokuwa mdogo, "All the Young Dudes", ukautafuta, ukakuta walioimba ni Mott the Hoople, kundi la roki la Uingereza, lakini mtunzi ni David Bowie, ambaye naye ni mwimbaji. Ukaniuliza: "Baba, mtu ana wimbo kama ule mkononi, anautoaje?" Najua ulikotoka na swali hilo. Rafiki yako ambaye kundi lake linataka kuvunjika amekuomba ule wimbo wako mzuri, nawe unaona uchungu. Basi nikusimulie kwanza, halafu nitakwambia langu.

Kufikia mwaka 1972 Mott the Hoople walikuwa wameshatoa albamu nne. Watu walijaa kwenye maonyesho yao, lakini santuri haziuziki. Tarehe 26 Machi walikuwa Zürich, Uswisi, na ukumbi waliopewa ulikuwa tangi la zamani la gesi. Mimi nimepiga muziki mahali pabaya, naijua ile hali ya kukunja nyaya usiku huku hakuna anayetaka kusema neno. Hapo ndipo walipoamua kuachana. Aliporudi Uingereza, mpiga besi wao Pete Overend Watts alimpigia simu Bowie kuulizia kazi. Bowie aliwahi kuwapelekea "Suffragette City", wakaukataa. Mwingine angesema poleni, akakata simu. Yeye aliumia kusikia kundi alilolipenda linakufa, akaja na wimbo wa pili. Alikaa sakafuni, miguu ameikunja, katika chumba kimoja cha Regent Street jijini London, akawaimbia kwa gitaa kavu. Ian Hunter, mwimbaji wao, alikuwa na miaka 32, umri ambao kwenye biashara ile walishaanza kumwita mzee. Alijua palepale kwamba huu ndio.

Mwezi Mei wakaurekodi studio ya Olympic, Barnes, Bowie mwenyewe akiwa mtayarishaji.

Sasa nakuomba uusikilize tena kwenye spika nzuri, usiusikilizie kwenye simu. Gitaa la Mick Ralphs linaingia likishuka, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Chini yake kuna kinanda cha Verden Allen kimetanda, na besi inashuka nota moja moja: D, C shapu, B, A. Nilipokuwa nikiupiga, mkono wa kushoto ulishuka ngazi zile, wa kulia ukabaki umetulia juu, na kila usiku mahali pale palinishika koo. Wimbo unaanza kwa kushuka, lakini kiitikio kinapofika watu wote wanataka kusimama. Halafu mwishoni, Bowie aliona umepwaya, hauna pa kwendea. Hunter akaanza kuongea tu, kana kwamba yuko jukwaani, anamwita mtu mmoja kwenye umati, wewe mwenye miwani, njoo hapa mbele. Yeye mwenyewe siku zote alivaa miwani myeusi. Bowie asingeweza kuyatunga yale maneno, maana yalitoka kwa mtu aliyezoea kuzozana na watazamaji miaka mingi.

Wakati ule Uingereza ilikuwa imeshikwa na roki ya glamu: viatu vya soli nene, satini, wanaume waliojipaka rangi usoni. Marc Bolan wa T. Rex alikuwa ameshatokea kwenye televisheni na vimetameta mashavuni mwaka mmoja nyuma. Mott hawakuwa watu wa mambo hayo, walikuwa wanaroki wa kawaida waliopiga kwa nguvu. Wimbo huu ndio uliowavisha. Ndani yake mna vijana waliowachoka Beatles na Rolling Stones wa kaka zao, mna anayeiba nguo dukani, mna mvulana anayevaa kike na bado hataki kuonewa. Vijana ambao hawakuwa na wimbo unaowataja, wakiwemo wanaume wanaopenda wanaume, waliuchukua ukawa wao. Lile duka la nguo lilitajwa kwa jina lake la mitaani, na kwa kuwa BBC haikutaka matangazo ya biashara, Hunter alilazimika kuuimba upya mstari ule, wizi ukahamia kwenye magari yasiyofungwa.

Miaka miwili baadaye Bowie alieleza kwamba watu wameuelewa vibaya. Kwake haukuwa wimbo wa kuwasifu vijana. Habari wanayoibeba vijana wale ni ileile ya albamu yake ya Ziggy Stardust, kwamba dunia imebakiwa na miaka mitano tu. Mimi nasema ameshachelewa. Alipouweka mdomoni mwa Hunter, na watu wakaupokea kama sherehe, sherehe ndiyo ikawa maana yake.

Ulitoka tarehe 28 Julai 1972, ukapanda hadi namba 3 Uingereza. Wimbo wa Bowie mwenyewe wa kiangazi kile, "Starman", uliishia namba 10. Alichowapa wenzake kilimpita yeye! Kundi likafufuka, likapata vibao vyake lenyewe. Alipowaletea tena "Drive-In Saturday" wakaukataa, akauimba mwenyewe mwaka 1973, nao ukafika namba 3.

Na kuna mtoto wa pwani hii kwenye hadithi. Mwishoni mwa 1973 Mott walizunguka Uingereza na kundi changa la kufungua pazia, Queen, na mwimbaji wao alikuwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Mwaka uliofuata wakawachukua hadi Marekani. Freddie alipofariki, likafanyika tamasha la kumkumbuka Wembley, tarehe 20 Aprili 1992. Queen waliobaki wakapiga wimbo huu, Hunter akaimba, Bowie akashika saksafoni, na Mick Ronson, mpiga gitaa wa Bowie, akawa kando yao. Ronson alikuwa anaumwa saratani ya ini, na mwaka mmoja baadaye hakuwepo. Nikiitazama video ile siangalii umati, naangalia uso wa Ronson.

Sasa langu. Mwaka 1983, nikiwa kwenye bendi ya hoteli, mwenzangu mmoja mwimbaji aliniomba wimbo niliokuwa nimeutunga. Nilimwambia nauweka kwa ajili ya santuri yangu. Santuri haikutoka. Yeye aliacha kuimba, akaenda kufanya kazi bandarini. Sisemi wimbo wangu ungemwokoa. Lakini aliniomba usiku mmoja baada ya kazi, sauti yake ilikuwa bado nzuri sana, na mimi nilikataa. Naisikia mpaka leo.

Kwa hiyo mpe. Kumbuka Bowie alitoa uimbaji, hakutoa utunzi: jina lake liliandikwa kwenye lebo ya santuri, na haki ya mtunzi ilibaki yake. Nenda KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukauandikishe kwanza, muandikiane makubaliano, hata kama ni rafiki. Halafu usiutume kwa WhatsApp. Nenda kwake, mkae chini, umwimbie. Na akitaka kubadilisha mwisho, mwache ajaribu.

Humu ndani ya bahasha nimetia karatasi ya ule wimbo wangu wa 1983, na nota zake. Ubeti wa pili haukukaa sawa tangu mwanzo, mizani inapungua kwenye mstari wa tatu. Utengeneze unavyoona, kisha uuimbe wewe.

Baba yako