Jibu la msomaji: Mimi huandaa jibu la "habari za kazi?"

Swali lenu la wiki hii, kwamba ukijikuta ndani ya lifti na mkurugenzi utajitambulishaje, limenikumbusha aibu yangu. Niko idara ya ununuzi na ugavi katika kampuni moja hapa Dar, ofisi zetu ziko Posta, ghorofa ya 9. Mwaka wangu wa kwanza niliandika utambulisho wa nusu dakika nikaukariri mbele ya kioo: jina, chuo, shahada, usajili wangu PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi), halafu "mimi ni mtu wa kujituma". Asubuhi moja mkurugenzi akaingia.

"Shikamoo."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za kazi?"

"Nzuri tu."

"Na nyumbani?"

"Salama, mzee."

Nikavuta pumzi nianze na shahada. Mlango ukafunguka, tumefika.

Huu ushauri wa kujinadi kwa nusu dakika naona ulitungwa kwa watu ambao wakishasema "halo" wamemaliza. Kwetu salamu inakula safari nzima, na huwezi kuikata. Mrukie mtu mzima na "naitwa fulani, nina uzoefu wa miaka kadhaa" kabla hajakuitikia, uone kama atakumbuka uzoefu wako au kukosa kwako adabu.

Kwa hiyo niliachana na hotuba. Ninachoandaa siku hizi ni jibu la "habari za kazi?" Swali hilo tunalipoteza kila siku kwa "nzuri", "tunapambana", "tunamshukuru Mungu", na kumbe ndipo bosi mwenyewe kwa kinywa chake anakuuliza unafanya nini. Mara ya pili tulipokutana nilijibu hivi: "Nzuri, mzee. Wiki hii nahangaika na makontena yetu manne bandarini, siku za bure zinaisha Ijumaa." Sikutaja cheo wala cheti. Lakini alishajua niko idara gani, nashika nini, na kwamba kuna hela ya kampuni inakaribia kuvuja, maana kontena likishapitisha siku za bure, tozo inapanda kila kunapokucha.

Jibu la namna hiyo halikai, linachacha kama maziwa. Langu nalibadilisha kila Jumatatu nikiwa kwenye basi la mwendokasi. Natafuta jambo moja ninalolishughulikia mwenyewe, lenye namba ndani yake, na lisilomchongea mtu. Hapo kwenye kuchongea wengi huteleza. "Wahasibu wametuchelewesha" inaweza kuwa kweli tupu, ila ukishuka kwenye lifti unabaki kuwa mmbea.

Shikamoo nayo ina utata wake. Mkurugenzi akiwa mdogo kwako kwa umri, "habari za asubuhi, bosi" inatosha. Niliwahi kumsikia mzee wetu wa stoo akimpa shikamoo bosi kijana; kijana wa watu akabaki anaangalia viatu vyake.

Jina nalitaja mwisho, lifti ikianza kupunguza mwendo, na nataja yote mawili, polepole. Na msibani, jamani, hapana. Nimemwona mtu akijinadi kwenye foleni ya kuaga mwili.

Sasa yale makontena. Mkurugenzi aliuliza, "Yamekwama wapi?" Nikamwambia ukweli: nyaraka zinasubiri sahihi yake, faili liko kwa katibu wake tangu Jumanne. Akacheka, akasema nimfuate. Saa sita haijafika faili lilikuwa mikononi mwangu.

Sikupandishwa cheo wala nini. Ila tangu siku hiyo tukikutana ananiita "dada wa makontena". Jina langu nililitaja vizuri kabisa, yote mawili, na polepole.

Msomaji wenu, Kinyerezi, Dar es Salaam