Maswali ya Wasomaji: Kabla Zao Jipya Halijawa Gugu

Nimeletewa mbegu za nyasi mpya ya malisho. Naambiwa haitaki maji mengi, haishambuliwi na wadudu na huota hata kwenye udongo uliochoka. Nitajuaje kama haitanishinda baadaye?

Ukiziondoa sifa hizo kwenye tangazo la mbegu na kuziweka kwenye kitabu cha magugu, hutabadilisha hata neno moja. Mahindi hayawezi kuwa gugu la kutisha kwa sababu punje zake zimefungwa ndani ya maganda na hazijisambazi bila mkono wa mtu. Zao jipya mara nyingi halijapita mchujo wa vizazi vya wakulima uliyoyafanya mahindi kuwa hivyo: mbegu bado zinapukutika zenyewe, na mmea bado unajua kujitegemea.

Anza na jina la kisayansi, si jina la biashara. Kisha tafuta kama mmea huo, au ndugu zake wa karibu, umewahi kuwa gugu mahali penye mvua na joto kama pako. Hakuna kigezo kinachotabiri vizuri kuliko hicho. Sorghum halepense, ndugu wa mtama, ilipelekwa Marekani katika karne ya 19 kama malisho. Leo ni miongoni mwa magugu sugu zaidi mashambani huko. Kudzu, mmea unaotambaa, ilioneshwa kwenye maonesho ya Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, ikahimizwa na serikali miaka ya 1930 ili kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1953 ikaondolewa kwenye orodha ya mimea iliyopendekezwa kufunika ardhi. Hesabu miaka iliyopita hapo katikati. Mmea kutulia kwa misimu mitatu hakuthibitishi lolote.

Kuna jaribio la mbegu ninaloweza kufanya mwenyewe?

Yapo mawili. La kwanza: chukua mbegu 100 zilizokomaa, zigawe mafungu manne ya 25, zitandaze kwenye karatasi yenye unyevu na uhesabu zilizoota hadi siku ya 14. Rudia kwa mbegu nyingine 100 ulizozikwaruza kidogo kwa msasa. Zilizokwaruzwa zikiota nyingi zaidi kwa mbali, basi ganda ni gumu, na mbegu hizo zitakaa ardhini zikiota kidogo kidogo kwa miaka. Palizi moja haitazimaliza.

La pili linahitaji subira. Shona vifuko vya wavu wa nailoni, weka mbegu 50 na udongo kidogo katika kila kimoja, uvifukie sentimita 2 na sentimita 15 kwenda chini. Andaa vifuko vitatu kwa kila kina na kwa kila tarehe ya kufukua: miezi 3, 6, 12 na 24. Mbegu ambayo haijaota ibonyeze kwa kibano: ikipondeka imekufa, ikiwa ngumu huenda iko hai, hivyo ijaribu tena kwenye karatasi. Kosa la kawaida ni wavu wenye matundu makubwa. Sisimizi huchukua mbegu, na mtu huandika kwamba zimeoza. Ukikuta nyingi zingali hai kwenye kina cha sentimita 15 baada ya mwaka, jua kwamba kila utakapolima utakuwa unaziamsha.

Na mwaka si kitu kwa baadhi ya mimea. William James Beal, mtaalamu wa mimea, alifukia chupa za mbegu huko Michigan, Marekani, mwaka 1879. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota.

Aina niliyopewa ni tasa, haitoi mbegu. Hapo si hatari imekwisha?

Imepungua kwa njia moja tu. Miscanthus × giganteus, nyasi ndefu ya nishati, ina seti tatu za kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) badala ya mbili, kwa hiyo haizai mbegu hai. Lakini ndugu yake Miscanthus sinensis huzaa, na mtu asiyejua huzichanganya kirahisi. Hakikisha ulichopewa ndicho.

Tatizo la pili ni vipande. Arundo donax, tete kubwa, haina mbegu hai, na bado imeziba kingo za mito California: mafuriko huvunja mashina, maji huyabeba, na kipande chenye kifundo kimoja hutosha kuanzisha kichaka. Kwa hiyo jaribu vipande pia. Kata vyenye kifundo kimoja kimoja, vingine vilaze juu ya udongo wenye unyevu, vingine fukia sentimita 5, 10 na 20, uhesabu vilivyochipua baada ya wiki sita. Vikichipua kutoka sentimita 20, usithubutu kupitisha haro, zana ya kuvunjavunja udongo: itavikata, itavisambaza na kuvipanda. Na usipande karibu na mto, hata ukiahidiwa nini.

Zao lisilo gugu laweza kuzaa gugu?

Ndiyo, kwa chavua. Kiazisukari kikichavushwa na jamaa yake wa mwituni huzaa chotara anayetoa maua mwaka wa kwanza na kumwaga mbegu kabla ya mavuno. Mashamba ya Ulaya yanamfahamu vizuri. Chunguza jamaa wa mwituni waliopo na kama maua yao hufunguka wakati mmoja na ya zao lako.

Kwa nini tathmini rasmi hukataa mimea mingi isiyo na kosa?

Australia hutumia maswali 49 kuamua kama mmea mpya uruhusiwe kuingia nchini. Mmea ukizidi alama 6 hukataliwa, na kuanzia 1 hadi 6 huchunguzwa zaidi. Lawama yako ina hesabu nyuma yake. Tuseme katika mimea 1,000 ni 10 tu itakayokuwa magugu, na kipimo hupatia mara 9 kati ya 10. Kitakamata magugu 9, lakini kitashika pia mimea 99 isiyo na hatia. Ni kweli, wengi wanaoshikwa wanaonewa. Tofauti ni kwamba mmea uliokataliwa unaweza kupimwa upya kesho, ilhali lile gugu moja lililopenya likishasambaa haling'oki.

Mifugo wangu wanapenda maganda ya mti mpya nilioupanda. Ni vizuri?

Ni vizuri kwa mifugo, lakini mbegu zinaweza kupita tumboni zikiwa hai na kusambazwa na kinyesi. Chekecha kinyesi chao, uhesabu mbegu nzima na uzioteshe. Mathenge, mti wa miiba wenye maganda matamu, ilienea namna hiyo hiyo. Zikiota, vuna maganda kabla hayajaanguka, uyasage mbegu zipasuke, ndipo uwalishe.