Maji baridi kwenye mguu wa farasi: yanasaidia nini, yanaficha nini

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Muscat, nimekuelewa. Farasi ametoka mazoezini, jioni ukakuta mguu wa mbele wa kushoto umevimba kwa nyuma, kati ya goti na kifundo. Ukiushika una joto, na anachechemea kidogo. Bosi kasema "mwagia maji", kisha kaenda zake. Sasa unauliza kama maji yanatibu kweli na umwagie kwa muda gani.

Mimi si daktari. Nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka kumi na saba, kwanza Nairobi kwenye mabanda ya upande wa Ngong, halafu miaka sita Al Ain, Falme za Kiarabu. Kusimama na mpira wa maji kando ya mguu wa farasi nimesimama sana.

Pitisha mkono chini ya goti la farasi wako. Hakuna nyama pale. Ni mfupa, kano na ngozi, basi. (Masaisi wengi tunaziita kano "mishipa", lakini ukiongea na daktari sema kano, asije akadhani unamweleza mambo ya damu.) Nyuzi za kano zikichanika, damu na majimaji hujaa pale pale, na kwa vile nafasi ni finyu, uvimbe wenyewe unazidi kuumiza nyuzi zilizobaki salama. Baridi inabana mishipa ya damu, uvimbe unapungua, na maumivu yanatulia. Hiyo ndiyo kazi ya maji, na kazi yenyewe iko zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo. Kushona kano iliyochanika, hayawezi.

Lakini kwako kuna tatizo jingine. Uko Oman, na huu ni mwezi wa Julai. Nilipofika Al Ain nilimmwagia farasi mmoja dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, kwa bidii zote, kama nilivyozoea Nairobi ambako maji ya kisima asubuhi ya Julai yanauma vidole. Siku ya tatu mzee mmoja Mpakistani, saisi wa siku nyingi, akaweka kiganja chini ya mpira wangu, akacheka, akasema: "Chai." Tangi letu lilikuwa juu ya paa, linapigwa na jua kutwa nzima. Kumbe siku zote nilikuwa nampikia farasi mguu! Kwa hiyo weka mkono wako kwanza. Kama baada ya dakika moja hutamani kuutoa, hayo si maji baridi.

Tafuta barafu. Usiibandike kavu kwenye ngozi, inaunguza. Ichanganye na maji, maana maji yenye barafu yanagusa kila mahali na vipande vitupu vinagusa hapa na pale. Ndoo ya kawaida haitakufaa, inaishia kwenye kifundo na wewe jeraha lako liko juu. Sisi tulikata tyubu ya tairi la lori, tukaivalisha mguu kama soksi, tukaifunga chini kwa bandeji, tukashika juu kwa kamba iliyopita mgongoni, kisha tukamimina barafu na maji kutoka juu. Inavuja kidogo, lakini inafanya kazi. Dakika 20, mara tatu kwa siku. Zaidi ya hapo unajichosha na kumchosha mnyama.

Ukitumia mpira, anzia kwenye kwato, panda polepole, maji yasiwe na nguvu. Simama ubavuni, usichuchumae mbele yake. Ukimaliza, kausha vizuri nyuma ya kifundo na pale juu ya kisigino penye mkunjo wa ngozi. Kabla ya kuanza paka vaselini hapo. Niliwahi kupuuza hilo, nikaponya uvimbe nikaleta vidonda vya unyevu vilivyochukua wiki tatu. Bandeji ifunge mtu anayejua, na mguu wa pili nao ufungwe, kwa sababu ndio unaobeba uzito wote sasa.

Kama kuna kidonda karibu na kiungo na kinatoa ute wa manjano unaonata, acha maji, piga simu kwa daktari saa hiyo hiyo. Na kama miguu yote miwili ya mbele ina joto kwenye kwato na farasi anaegemea nyuma hataki kusogea, huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa ndani ya kwato. Huko hesabu ya dakika 20 haipo. Pollitt na van Eps wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kuwa barafu inayokaa mfululizo, usiku na mchana, inaweza kuzuia kwato isiharibike. Hiyo ni kazi ya kusimamiwa na daktari.

Najua kuna mtu atakuambia umpeleke baharini, akutajie Red Rum. Ni kweli, yule farasi alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa ndani ya kwato, mwalimu wake Ginger McCain akawa anamfanyisha mazoezi ufukweni Southport, Uingereza, na akashinda Grand National, mbio kubwa za kuruka vizuizi, mara tatu: 1973, 1974 na 1977. Lakini ule ni mfupa, yako yaonekana ni kano. Mchanga wenye kuzama ni adui wa kano mbichi. Halafu bahari ya Southport ni barafu, ya Muscat mwezi huu ni supu.

Sasa lile lililonifanya niandike. Nairobi nilikuwa na jike mmoja wa kahawia, nikimwita Mama Chai. Alivimba hivyo hivyo kama wako. Tulimmwagia maji vizuri sana, na siku ya tano mguu ulikuwa baridi, mwembamba, hachechemei. Sote tukafurahi. Daktari hakuitwa, kwa sababu mguu "umepona". Wiki ya tatu akarudishwa mbioni, na kano ikakatika kabisa. Maji hayakukosea, sisi ndio tuliyasoma kama cheti cha kupona. Kano huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili kupona, iwe mguu una joto au hauna. Mwambie bosi daktari amwone sasa, kisha ampige picha ya ultrasaundi baada ya kama wiki moja, maana siku ya kwanza tundu lililo kwenye kano huweza kuonekana dogo kuliko lilivyo. Akikataa kwa ajili ya gharama, muulize bei ya farasi.

Na unijibu hili kwanza: ukiunyanyua mguu na kubonyeza kano kwa kidole gumba, taratibu, kuanzia chini ya goti kushuka, kuna mahali anapouvuta?