Ndoa moja, kadi tatu: serikali ikikosea kwenye kadi yako ya ukaaji

Bahasha yenye kadi yangu ya ukaaji wa kudumu ilifika Februari 2024, wiki ya saba tangu nitue Marekani. Mume wangu aliileta kutoka kwenye sanduku la barua akiwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Niliangalia picha kwanza, kama kila mtu anavyofanya, nikalalamika kwamba nimetoka kama mtu aliyekimbia na pesa za chama. Kisha tukaipiga picha, tukamtumia mama, mama akajibu kwa aya nzima ya Zaburi, kadi ikaingia kwenye droo.

Hatukuisoma, na hilo ndilo kosa letu la kwanza.

Aliyeisoma ni dada wa ofisini, siku niliyoanza kazi. Alikuwa akijaza fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba naruhusiwa kufanya kazi, akaandika tarehe ya mwisho wa kadi: 12/19/25. Nikamwambia hapana, itakuwa 2033. Akaigeuza kadi upande wangu, akaweka kidole. Kweli, Desemba 2025. Na juu kidogo, kwenye sehemu ya aina ya ukaaji, herufi mbili na tarakimu moja: CR1.

Kwa ambaye hajapitia haya, ngoja nieleze, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, wakiwemo wanaojifanya wanajua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986, iliyotungwa kukabili ndoa za kughushi, inasema kwamba kama siku unayopata ukaaji wa kudumu ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, ukaaji wako ni wa masharti na kadi ni ya miaka miwili. Kama imetimiza, hakuna masharti, na kadi ni ya miaka kumi. Kinachohesabiwa ni siku unayopata ukaaji. Siku ya mahojiano ubalozini haihesabiwi, wala siku visa ilipobandikwa. Kwa anayekuja na visa ya uhamiaji, ni siku anapogongewa muhuri wa kuingia. Kwa aliyebadilisha hadhi akiwa tayari ndani ya Marekani, ni siku ombi lake linapoidhinishwa. CR maana yake una masharti, IR maana yake huna. Tarakimu 1 ni ya mwenzi aliyekuja na visa, 6 ni ya aliyebadilishia hukuhuku.

Sisi tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 2021. Mahojiano yalikuwa Nairobi, Oktoba 2023, ndoa ikiwa na mwaka mmoja na miezi kumi, kwa hiyo visa iliandikwa CR1 na hapo hakuna aliyekosea. Niliingia Marekani tarehe 19 Desemba 2023. Fanya hesabu: miaka miwili na siku nane. Afisa wa uwanja wa ndege alipaswa kunibadilisha kuwa IR1. Alikuwa kijana mchangamfu, akaniuliza kama nimebeba nyama, akagonga muhuri, akaandika kwa kalamu juu yake kile alichokiona kwenye visa: CR1. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye foleni kwa saa mbili, miguu imevimba, nikasema asante.

Sasa nashauri kila ninayemjua aliye karibu na miaka miwili: cheti cha ndoa kiwe kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye sanduku linalozunguka kwenye mkanda huko chini. Ukifika mbele ya afisa, kabla hajagonga, mwambie kwa adabu kwamba ndoa yenu ilitimiza miaka miwili tarehe fulani, na cheti ni hiki. Sentensi moja tu. Na kama visa bado ina uhai na zimebaki siku chache ndoa itimize miaka miwili, fikiria kuchelewesha safari. Hakuna ujanja wowote hapo, ndivyo sheria yenyewe ilivyo.

Jioni ile nilimpigia rafiki wa mume wangu, mzee wa jumuiya yetu hapa, mtu wa miaka ishirini Marekani. Akacheka. "Shemeji, usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Miaka miwili ikikaribia, jaza I-751 kama wenzako, yaishe." Nilikaa na maneno yake siku mbili tatu. Yalikuwa na mvuto, kwa sababu mtu mgeni hataki kuonekana mkorofi mbele ya uhamiaji. Lakini fomu I-751, ya kuondoa masharti, ni dola 750 tangu Aprili 2024, pamoja na rundo la ushahidi wa ndoa, pamoja na kusubiri ambako kunaweza kuwa kwa miaka. Nilipe yote hayo kuondoa masharti ambayo kisheria sijawahi kuwekewa?

Halafu nikasikia kisa cha dada mmoja tunayesali naye, nikaacha kabisa kusitasita. Yeye kosa lake lilikuwa la upande wa pili. Aliidhinishwa ndoa ikiwa na miezi kumi na minne, kadi ikaja ya miaka kumi. Walisherehekea. Walidhani ni bahati, au ni zawadi kwa sababu mahojiano yalikwenda vizuri. Hawakujaza I-751, kwani kadi si inasema miaka kumi? Kumbe kadi haiamui lolote. Hadhi yako imeandikwa kwenye sheria, kadi ni picha yake tu, na picha inaweza kutoka vibaya. Mwenye masharti asipowasilisha I-751 ndani ya siku 90 kabla ya kutimiza miaka miwili ya ukaaji, sheria inamhesabu kuwa amepoteza ukaaji wake, na anaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Walikuja kugundua walipokwenda kwa wakili kuulizia uraia. Bahati nzuri, sheria inaruhusu kuchelewa kama una sababu ya maana, na kadi yenye kosa ni sababu ambayo wakili aliweza kuishikia bango. Lakini alikonda, dada wa watu. Usiku alikuwa hapati usingizi.

Kwa hiyo kosa likikuumiza, rekebisha. Likikupendelea, rekebisha haraka zaidi.

Fomu ya kurekebisha kadi ni I-90. Wengi huijua kama fomu ya kubadilisha kadi iliyoisha au kupotea, ila ndani yake kuna kisanduku cha kusema kwamba kadi yako ina taarifa zisizo sahihi kwa sababu ya kosa la idara yenyewe. Ukiweka alama hapo, hulipi. Sifuri. Nasisitiza kwa sababu kuna bwana mmoja hapa mtaani, mjazaji wa fomu, aliyetaka dola 600 kwa kazi hii, akasema "nyingine ni ada ya serikali." Ada gani? I-90 ya kawaida ndiyo yenye ada, dola 465 kwa karatasi na 415 kwa mtandao kwa bei za 2024. Ukitaka msaada wa kisheria tafuta wakili wa uhamiaji, au shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa. Mjazaji wa fomu si wakili hata akivaa tai.

Ila kabla hujaweka alama kwenye kile kisanduku, toa nakala za maombi yako ya mwanzo usome ulichoandika wewe. Kosa likiwa la mkono wako, hawatalibeba, utalipa ada. Sisi Wakenya tunajikwaa sana kwenye tarehe. Nyumbani 07/03 ni tarehe saba mwezi wa tatu. Huku mwezi hutangulia, hiyohiyo ni tarehe tatu Julai. Nimeona mtu aliyezaliwa upya kwa namna hii kwenye kadi, na kosa likawa lake. Majina matatu nayo ni shida, maana la katikati linaweza kumezwa au kuhamia kwenye ukoo.

Bahasha yangu ilikuwa na fomu, kadi yenyewe (huombwa urudishe ile yenye kosa), nakala ya cheti cha ndoa, nakala ya ukurasa wa visa na muhuri, na barua. Barua ilikuwa na sentensi nne, na chini yake nusu ukurasa mtupu: nilifunga ndoa tarehe 11 Desemba 2021, niliingia Marekani tarehe 19 Desemba 2023, siku hiyo ndoa ilikuwa imepita miaka miwili, naomba aina ya ukaaji isomeke IR1 badala ya CR1. Miezi niliiandika kwa maneno, si kwa tarakimu. Mume wangu alitaka kuongeza aya kuhusu jinsi tulivyosumbuka. Nikamkatalia. Anayefungua ile bahasha anatafuta tarehe mbili tu, usimfiche.

Kadi uipige picha pande zote mbili kabla haijaondoka nyumbani. Tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na risiti ya posta uibandike mahali. Ukihama nyumba katikati ya safari hii, una siku kumi kuwajulisha uhamiaji anwani mpya, la sivyo kadi itamfuata mpangaji aliyekurithi.

Utauliza: nikirudisha kadi, nitatembea na nini? Mkaaji wa miaka 18 na zaidi anatakiwa kuwa na uthibitisho wake wakati wote. Kwa aliyekuja na visa ya uhamiaji, jibu liko kwenye pasipoti: ile visa ikishagongwa muhuri inahesabika kuwa uthibitisho wa ukaaji kwa mwaka mmoja, na imeandikwa hivyo juu yake. Mimi niliishi na hiyo miezi minane. Ikiisha, au kama hukuja na visa, unapiga simu uhamiaji uombe muhuri wa muda kwenye pasipoti. Simu hupokewa na mashine. Mashine haielewi lafudhi ya Nyeri. Nilikuwa nasema neno moja tu, "afisa", "afisa", kwa Kiingereza chao, mpaka ikachoka ikaniunganisha na mtu. Kila simu niliandika kwenye daftari: siku, saa, jina la kwanza la aliyepokea, alichosema. Daftari lile lilikuja kunisaidia kuliko machozi, ambayo pia niliyajaribu.

Novemba 2024 kadi ya pili ikaja. Safari hii tuliisoma kama mtihani. IR1, sawa. Miaka kumi, sawa. Jina, sawa. Mume wangu akaanza kushangilia, mimi bado kidole kiko chini ya mstari wa mwisho, ule unaosema umekuwa mkaaji tangu lini. Uliandikwa Oktoba 2024. Badala ya siku niliyoingia, mtu aliweka tarehe ya mwezi uliopita.

Wengine wangeuacha mstari huo, na ndio unaohesabia uraia. Aliyeolewa na raia na wanaishi pamoja anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaaji, badala ya mitano, na anaruhusiwa kuwasilisha ombi siku 90 kabla. Tarehe ile ingenirudisha nyuma miezi kumi, au ingenifanya nibishane na afisa siku ya mahojiano.

Nilikaa kwenye ngazi nje, baridi na yote, nikacheka. Kisha I-90 ya pili, kisanduku kilekile, sentensi nne nyingine, kadi ya pili ikarudi ilikotoka. Visa yangu ilitimiza mwaka mwezi uliofuata, kwa hiyo nikaomba muhuri, na nilipoupata nikabadili hadi namna ninavyobeba pasipoti: mfuko wa ndani, zipu imefungwa.

Miezi sita ikapita kimya. Hapo ndipo nilipojifunza kuhusu mbunge. Mwakilishi wa eneo lako katika Bunge la Congress ana ofisi jimboni, na humo kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kufuatilia mambo ya wakazi yaliyokwama kwenye idara za serikali kuu. Nilidhani mpaka uwe mpiga kura. Hapana, mkaaji wa eneo anatosha. Unajaza karatasi ya kuwaruhusu waulize habari zako, kwa kuwa sheria ya faragha ya 1974 hairuhusu idara kutoa habari zako bila idhini yako, unaambatisha nakala, basi. Hawawezi kuwaamuru uhamiaji, ila barua yao haikai chini ya rundo. Mama aliyenihudumia aliniuliza kama nina kumbukumbu za simu nilizopiga. Nikamtumia picha za daftari, kurasa sita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Laiti wote wangekuja hivi."

Kadi ya tatu ilifika Septemba 2025. Mume wangu hakuileta kama yai, aliitupa mezani na bili ya umeme. Nilichukua pasipoti, cheti cha ndoa na rula, nikaiweka rula chini ya kila mstari, yeye akisoma kwenye pasipoti, mimi nikijibu kutoka kwenye kadi. Jina la ukoo. Jina langu. Nchi niliyozaliwa. Tarehe ya kuzaliwa. IR1. Mkaaji tangu 12/19/23. Tukaigeuza nyuma, tukasoma hata zile herufi za mashine zenye mishale. Kisha akaniomba turudie tena kuanzia juu.