Peji za draiva haziendi swapu
Umeuliza kama peji (vipande vya memori) za kadi ya kompyuta zinaweza enda swapu, yaani kutolewa RAM na kuandikwa kwa diski. Zii buda, peji za kadi haziendi swapu hata RAM ijae aje. Draiva (kodi inayoendesha kadi) ikizimapu, yaani kuziunganisha na anwani za memori za programu yako, na fanksheni ya remap_pfn_range, Linux inaipiga hiyo eneo alama ya VM_PFNMAP, yaani kerneli (kiini cha Linux) inabaki na namba za fremu (anwani halisi za hizo peji) tu, haihesabu nani anazitumia na haziko kwa zile listi za LRU (zinazofuatilia peji gani hazijatumika kitambo) penye swapu huchagulia za kutoa, na by the way zingine si hata RAM, ni rejista za kadi, sasa diski utaiandikia nini? Cheki fanksheni ya vm_normal_page kwa mm/memory.c, faili ya kodi ya kerneli, koment zake zinaeleza poa sana. Ila kama mapu ni MAP_PRIVATE (ukiandika unapewa kopi yako mwenyewe) na umeandika juu yake, ile kopi ni peji ya kawaida, hiyo inaweza enda.