Geji inasema mashine iko sawa, mpira wa ekzosi unaungua

Mkuu, umeeleza kwamba geji ya joto ya mashine ya boti yako imetulia kwenye nyuzi 80, lakini tezini, nyuma ya boti, unatoka moshi mweupe, maji yanatemwa kidogo kidogo na mpira wa ekzosi unanuka kuungua. Usishangae, vyote viwili ni kweli. Geji inasoma maji yanayozunguka ndani ya mashine tu. Ekzosi inategemea maji ya bahari: yakishapita kwenye kipozeo (kinachopoza yale maji ya ndani ya mashine) humwagwa kwenye kiwiko cha ekzosi, yaani bomba lililopinda, yakachanganyika na moshi na kuupoza kabla haujaingia kwenye mpira. Mashine isiyo na mzigo mkubwa hutosheka na maji machache huku mpira ukiendelea kuiva. Nakusihi usisafiri nayo hivyo. Mpira ule ukitoboka, kaboni monoksaidi inajaa ndani ya boti, na tundu likiwa chini ya usawa wa maji unaweza kuzama.

Kwanza uangalie moshi wenyewe. Mvuke hupotea upesi. Moshi ukining'inia hewani na kuacha mng'ao wa mafuta juu ya maji, hiyo ni dizeli isiyoungua. Kachunguze nozeli zinazopulizia dizeli na kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda.

Yangu ilikuwa dizeli ya silinda 4, imeshapita miaka 30. Mvuke ulipoanza nilibadilisha impela, lile gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu ya maji ya bahari, ikapata nafuu, kisha ukarudi. Nikabadilisha nyingine. Impela ya kwanza niliyoitoa ilikuwa imekatika mapanga 2, nami nikaitupa bila kujiuliza yamekwenda wapi. Yalikuwa yamekwama mdomoni mwa kipozeo, yameziba karibu nusu ya mirija yake midogo. Tangu hapo, panga likikatika silali mpaka nilipate, hata kama ni kufungua mpira mmoja baada ya mwingine.

Kilichoniokoa ni ndoo. Fungua mpira wa maji pale unapoingia kwenye kiwiko, uelekeze ndani ya ndoo, washa mashine bila mzigo na uhesabu sekunde. Zisizidi 15, maana muda huo ekzosi haipati maji kabisa. Maji yakija kwa nguvu hapo, pampu na kipozeo havina kosa; kizuizi kiko kwenye kiwiko chenyewe. Yakija kwa unyonge, rudi nyuma: pima kabla ya kipozeo, kisha nenda upande wa kuvuta, yaani kati ya bahari na pampu.

Upande wa kuvuta ndio unaodanganya watu wengi, kwa sababu hewa ikiingia hakuna maji yanayovuja ukaona. Mfuniko wa chujio la maji ya bahari ukiwa na gasketi iliyokauka, pampu inavuta hewa badala ya maji. Ukiona mapovu ndani ya chujio mashine ikiwa inafanya kazi, umeshapata jibu. Mpira wa kuvuta nao ukizeeka huachana tabaka kwa ndani. Nje unaonekana mzima, ukiongeza kasi ya mashine unajikunja na kuziba. Ili kujua kama koki, pale maji ya bahari yanapoingilia botini, ndiyo yenye uchafu, ifunge, chomoa mpira wake na uutumbukize kwenye ndoo iliyojaa maji. Pampu ikiinywa ndoo upesi, koki imeziba. Ukifungua pampu, pitisha kidole kwenye kifuniko chake: kikiwa na mifereji, impela mpya haitafanya kazi ipasavyo.

Kwangu, hata baada ya kutoa yale mapanga, ndoo ilijaa vizuri lakini tezini hali ilikuwa ile ile. Nikafungua kiwiko. Njia ya maji ilikuwa imejaa chumvi na kutu, penseli ilipita kwa shida, na upande wa moshi masizi yameganda kama lami. Wapo wanaokiloweka kwenye asidi na kukirudisha. Mimi sikubaliani nao kwa chuma cha umri huo, kwani kutu ndiyo ilikuwa imeziba matundu. Ukiiondoa, ukuta uliobaki ni mwembamba, na ukipasuka kwa ndani maji yanarudi hadi kwenye silinda. Nilinunua kipya.

Sasa natembea na kipimajoto cha mwanga, kinachopima bila kugusa. Mpira mara baada ya kiwiko unapaswa kuvumilika kwa mkono. Wangu unakaa karibu nyuzi 45. Pima pande zote za mpira, juu na chini, maana maji yakimwagika upande mmoja tu, ule mwingine unaungua polepole. Mashine ikiwa ya V, linganisha ekzosi ya kulia na ya kushoto: iliyo moto zaidi ndiyo ya kufungua.

Jambo moja la hatari wakati wa kujaribu: ukipiga stata mara nyingi bila mashine kuwaka, funga koki. Pampu inaendelea kusukuma maji na hakuna moshi wa kuyatoa, hivyo sailensa ya ekzosi inajaa mpaka maji yanaingia kwenye mashine. Ikiwaka tu, fungua mara moja.

Anza na ndoo pale kwenye kiwiko, mkuu, halafu niambie imejaa kiasi gani kwa hizo sekunde 15.