Jibu: Nimefika Uhuru, je, naweza kupanda Alps Januari?

Kaka, umeuliza kama kufika Kilele cha Uhuru kunatosha kwenda milima ya Alps, Ulaya, Januari na wenzako wa chuo. Hakutoshi, na naomba unisikilize. Kilimanjaro kinachokutesa zaidi ni ule urefu wa mita 5,895. Kule Alps, theluji yenyewe inaporomoka.

Ogopa miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa upepo ukiwa umesomba theluji mpya juu ya tabaka dhaifu. Unakanyaga, bamba zima la theluji linakatika. Ukisikia mguno chini ya buti, au ukaona ufa ukikimbia mbele yako, geuka, kama wavuvi wetu wa Igombe wakiona wingu jeusi ziwani. Taarifa ya hatari ya maporomoko hutolewa kwa ngazi 1 hadi 5. Usiidharau 3, inaua wengi.

Nikiwa mafunzoni Austria nilichimba theluji iliyokwisha poromoka: ngumu kama zege, koleo linadunda. Aliyefukiwa humwokoi kwa mikono, na baada ya dakika 10 hadi 15 nafasi yake hupungua haraka sana. Kila mmoja wenu abebe redio ya kutafutana (kifaa cha kuvaa mwilini kinachotoa ishara ya kumpata aliyefukiwa), fimbo ndefu ya kudunga theluji na koleo.

Redio ninazo mbili. Njoo Luchelele Jumamosi, tufukie moja mchangani ufukweni, uitafute.